Bi Povu na Shuka Ambazo Hazikufuliwa

Bi Povu hakuiba shuka. Hakuiba moja, hakuiba ishirini na mbili, hakuiba hata uzi wa pindo. Hilo liandikwe mwanzo kabisa, kwa sababu mwenyewe amefariki na hawezi tena kujibu, na wapo watu wazima wenye akili zao, wengine waliwahi kulazwa katika hospitali alikofanya kazi na kulalia shuka alizozifua yeye, ambao mpaka leo wakikaa saluni wanasimulia jinsi "yule dobi" alivyokutwa na gunia. Gunia alikutwa nalo, ndiyo. Kilichokuwamo ndani ya gunia hawakisemi, maana wangekisema wangetapika mbele ya vioo.

Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya heshima. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, mtu wa suruali yenye mkunjo. Kaka yake alikuwa mwalimu mkuu, na mke wa kaka huyo alifundisha historia katika sekondari ya wasichana. Yeye peke yake shule ilimshinda. Alipokuja nyumbani na habari kwamba amepata kazi ya udobi hospitalini, nyumba nzima ilinuna kwa wiki mbili.

"Utafua vinyesi vya watu, mdogo wangu?" kaka yake alimuuliza mezani.

"Kaka, na wewe si unasahihisha madaftari ya watoto wa watu? Kila mtu na uchafu wake."

Kaka mtu akacheka mpaka akavua miwani, na tangu siku hiyo suala likafungwa. Jina la Bi Povu alipewa na wenzake kazini, kwa sababu alikuwa akitoka kwenye mabeseni na povu mpaka kwenye nyusi, na hakuwa na habari.

Chumba cha udobi kilikuwa nyuma ya wodi, ukuta mmoja na chumba cha kuchemshia maji. Mabeseni manne ya saruji, mashine mbili, moja imekufa, ya pili ikizunguka inatetemeka kama mtu mwenye homa. Sakafu ilikuwa imeinamia mfereji uliopita katikati. Kila siku saa nne asubuhi wahudumu walileta mifuko ya shuka, wakaitupa mlangoni huku wamegeuza nyuso, wakaondoka mbio. Bi Povu aliifungua mmoja mmoja. Hakuwahi kuvaa kitambaa puani. Alisema harufu zimepangana kama ngazi: juu kabisa mkojo, chini yake jasho, chini yake dawa, halafu damu iliyokauka, na chini ya zote, ukivumilia kufika huko, kuna harufu tamutamu ya nyama ya mtu inayooza angali hai. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkosesha raha.

Kila shuka ilikuwa na namba ya kitanda, imeshonwa kwa uzi mwekundu pembeni. Katibu wa hospitali ndiye aliyeamuru hivyo, ili shuka zisipotee. Aliyezishona ni fundi cherehani wa hospitali, mzee mwenye maneno mengi kuliko vifungo. Kwa hiyo Bi Povu, ambaye hakuwahi kuingia wodi ya mifupa zaidi ya mara tatu, aliwajua wagonjwa wote wa huko kwa namba na kwa madoa. Mkojo, alisema, hutambaa na kuacha mpaka. Jasho huchora ramani. Lakini kulikuwa na doa la tatu, dogo, duara, rangi ya chai kavu, upana wa kifuniko cha chupa, usawa wa mwisho wa uti wa mgongo. Halikutambaa. Lilirudi mahali pale pale kila siku, na likikauka kitambaa kinakuwa kigumu kama kimetiwa wanga. Siku nne au tano baada ya doa hilo, shuka ya kitanda hicho ilikuja na usaha.

Alivumilia miezi. Siku moja akafuta mikono kwenye aproni, akapanda mpaka wodi ya mifupa, akamkuta Sista msimamizi anagawa vidonge.

"Sista, mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne anaanza kidonda mgongoni."

"Nani kakwambia?"

"Shuka yake."

Sista alimtazama kuanzia viatu vya mpira vilivyolowa, akapanda taratibu mpaka usoni. "Dada, kazi hii nimeisomea miaka minne. Hebu rudi kwenye mabeseni yako, unanidondoshea maji."

"Narudi. Ila mgeuze."

Hakumgeuza. Kwa haki yake isemwe kwamba alikuwa na wasaidizi wawili na vitanda thelathini na sita, na mzee wa kitanda kile cha kumi na nne, mwenye mguu uliovunjika, hakulalamika, maana alikuwa mtu wa kuona haya. Siku ya sita walipomwinua wabadilishe bandeji ya mguu, ngozi ya mgongo ilibaki kwenye shuka. Kidonda kilikuwa na kina cha kuficha yai. Nzi walikuwa wametangulia kukiona. Mzee alikufa mwezi uliofuata, mguu wake umeshaanza kuunga vizuri.

Asubuhi iliyofuata kifo hicho Sista alishuka mwenyewe mpaka udobini. Alisimama mlangoni, kiganja puani.

"Nifundishe," alisema.

Bi Povu hakumsimanga, ingawa nafasi ilikuwepo. Alimvutia ndoo iliyopinduliwa akae. Wakaanza. Kila siku saa nne, kabla maji hayajagusa kitu, walitandaza shuka za wodi ya mifupa juu ya saruji, mmoja anasoma kitambaa, mwingine anaandika katika daftari: kitanda, tarehe, doa, mahali. Kisha Sista anapanda kumgeuza mwenye doa na kuangalia ngozi. Mara nyingi alikuta wekundu tu, ngozi haijapasuka. Siku za mwanzo alikuwa anatapika, mwanamke mwenye cheti ukutani, ameinamia mfereji kofia ikimning'inia.

"Tapika tu, Sista," Bi Povu alimwambia, akimwagia maji nyuma yake. "Mfereji ni wa serikali."

Kuona doa ni jambo moja, kulizuia ni jingine. Hapo ndipo fundi cherehani alipoingia, bila kualikwa, kama kawaida yake. Alikuja kuchukua shuka za kutia viraka akawakuta wameinama.

"Ninyi wanawake, mnatafuta nini humo? Dhahabu?"

Walipomweleza, akajipiga paja. "Mbona rahisi! Mama yangu alibeba ndoo kichwani miaka arobaini na utosi haukuchubuka. Kwa nini? Ngata! Mgonjwa mshonee ngata, mfupa ukae kwenye tundu, usiguse kitu."

Wote watatu walikuwa wamekua wakibeba maji kwa ngata, na hakuna aliyeona kosa. Fundi alishona ngata sita, pete za sponji la magodoro chakavu, kubwa kama sufuria, zikapelekwa juu kwa shangwe. Wiki haikuisha. Bi Povu alitandaza shuka ya kitanda cha ishirini na moja, akamwita fundi.

"Fundi, njoo uone ngata yako ilivyojichora."

Doa lilikuwa duara kamili, kama mtu amechora kwa kikombe, na katikati yake pameiva weusi. Ukingo wa sponji ulikuwa umebana damu isipite, na nyama iliyoachwa kwenye tundu ikavimba na kuanza kuchuruzika. Kichwa hubeba ndoo dakika ishirini. Yule mtu alilalia ngata siku saba.  Fundi alikwenda mwenyewe wodini, akazichomoa zote sita, akamwomba radhi mgonjwa wa ishirini na moja akimshika mkono, na mgonjwa akamjibu, "Usijali, mzee, angalau umenitazama."

Kesho yake fundi alikuja udobini, akavua viatu, akapanda juu ya meza ya kukunjia nguo akalala chali. "Haya. Mgonjwa ni mimi. Sukumeni vitu mpaka niseme basi." Wakamsukumia mito, nguo zilizokunjwa, vipande vya sponji, huku anaguna na kutoa amri kama bwana harusi. Mwisho Sista akamlaza ubavu kidogo, si ubavu kamili, na Bi Povu akapenyeza nyuma yake kipande kilichokatwa mshazari, kama kabari ya kuzuia mlango.

"Hapo hapo!" fundi alipiga kelele. "Mfupa umeelea! Msiniguse, nakwenda kulala."

Hivyo ndivyo kabari zilivyozaliwa, na hakuna mwingine aliyekuwemo chumbani. Fundi alizivika turubai la plastiki ili zifutike. Swali likabaki: nani atamgeuza kila mtu kila baada ya saa mbili? Bi Povu ndiye aliyeuliza, "Na wale ndugu wanaokaa vitandani kutwa wakipepea nzi, mikono yao inauma?" Akatoa vibanio vya nguo kutoka kwenye kamba yake. Kibanio kikifungwa upande wa dirisha, mgonjwa atazame dirisha. Kikihamishiwa upande wa mlango, atazame mlango. Anayekihamisha ndiye anayemgeuza. Asiyejua kusoma alielewa kwa kutazama jirani.

Mke wa mgonjwa mmoja alivifurahia mno. "Miaka yote kwenye ndoa amenigeuzia mgongo," aliitangazia wodi nzima, "leo mgongo wake uko chini ya amri yangu. Geuka, baba!"

Katika miezi minne vidonda vipya vilishuka kutoka tisa kwa mwezi hadi kimoja. Sista alimpelekea daktari wa mifupa daftari lake. Daktari alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. "Sista, hizi ni hadithi za dobi. Niletee ushahidi ninaoweza kuushika." Sista akashuka chini na kumwambia Bi Povu kwa mdomo wake mwenyewe, fundi akisikia: "Zenye madoa ya mwanzo usizifue. Zifunge, tuzikusanye." Bi Povu alibandika karatasi ya tarehe kwa pini kwenye kila moja, akazitia kwenye gunia, akaliweka chumba cha kuchemshia maji, palipokuwa pakavu. Zilifika ishirini na mbili.

Kisha Katibu akaamuru shuka zote zihesabiwe. Katibu huyu alikuwa mwanamume aliyefuta vitasa vya milango kwa leso kabla ya kuvishika, katika hospitali yake mwenyewe. Gunia lilipatikana saa tano asubuhi. Alisimama mbali nalo, leso puani, na nyuma yake wamejipanga mtunza bohari, askari wa lango, na Sista, aliyeitwa kama msimamizi wa wodi.

"Nani amekuagiza uzifiche?"

Bi Povu alimtazama Sista. Sista alitazama viatu vyake. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaofanywa wauguzi wakuu, na kanuni ya kukataza kuhifadhi nguo chafu ilikuwa ukutani kwa mwandiko wake.  Kimya hicho kilinuka kuliko gunia.

"Niulizeni mimi," Bi Povu alisema. "Gunia limekutwa kwangu."

Alisimamishwa kazi siku hiyo. Tangazo likabandikwa ubao wa lango kuu, ambako kila anayekuja kutibiwa hupita: kwa tuhuma ya wizi wa mali ya hospitali. Jina kamili, la baba likiwemo.

Yaliyofuata mtaani yanatia kinyaa kuliko chochote alichowahi kukifua. Walisema aliziuza zikafanywe sanda. Walisema anawafanyia watu uchawi kwa jasho lao. Jirani ambaye baba yake aligeuzwa kwa vibanio vile vile wiki sita, akatoka mgongo mzima, alikuwa wa kwanza kuinua pindo la gauni Bi Povu alipopita. Nyumbani nako si kwa kujivunia. Wifi yake, yule mwalimu, aliyekuwa amemzika mumewe mwaka uliotangulia, alimwekea kiti akamuuliza swali ambalo hakupaswa kuuliza.

"Uliiba?"

"Wifi, siku nikiiba nitaiba kilicho safi."

Wifi alikwenda kuchukua karatasi na kalamu, na wakaandika pamoja barua ya kudai kikao.

Kikao kilikaa saa tatu asubuhi katika chumba chenye maua ya plastiki. Watu watano mezani, Katibu katikati. Sista alikuwa pembeni, ameitwa kueleza kanuni. Mbele ya Bi Povu iliwekwa karatasi iliyochapwa tayari: akiri alizichukua "kwa kupitiwa", asamehewe, aondoke kimyakimya.

"Weka sahihi tu hapo chini, mama," Katibu alisema kwa sauti ya huruma. "Tunakusaidia."

"Bwana Katibu, nikiweka sahihi hapa, baba yangu kaburini atakuwa amezaa mwizi. Naomba gunia."

"Gunia lile ni uchafu mtupu."

"Basi niambieni, mwizi gani anaiba uchafu?"

Daktari wa mifupa, aliyekuwa mmoja wa wale watano, alisema liletwe. Bi Povu alilifungua juu ya meza yao iliyopigwa msasa na vanishi, akatandaza shuka ya kwanza kati ya maua ya plastiki na glasi za maji. Harufu iliyofungiwa miezi minne ikatoka kama mtu. Mama mhasibu alikimbilia nje, kiganja mdomoni. Katibu alifungua madirisha mawili kisha akabaki huko huko dirishani. Hao ndio waliokuwa wanasimamia wagonjwa wanaolala ndani ya harufu ile usiku na mchana.

"Kitanda cha tisa, tarehe tatu," Bi Povu alisoma, kidole juu ya doa. "Hapa amelala chali kutwa. Hajageuzwa. Ngozi inataka kufunguka."

Daktari aliinama. "Na baadaye ikawaje?"

"Mimi ni dobi, Daktari. Ya juu siyajui. Anayajua mwenye daftari."

Hakumtaja. Alingoja tu, kidole pale pale.  Katibu alianza kusema "Sasa nadhani," na hapo kikasikika kibonyezo cha mkoba wa Sista kikifunguka.

"Kitanda cha tisa, tarehe tatu," Sista alisoma, sauti ikikatika. "Nimemgeuza saa tano. Wekundu upana wa kiganja. Kabari, kibanio, mke wake ameelekezwa. Tarehe saba wekundu umepotea." Alifunga daftari akalifungua tena. "Gunia ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia asizifue. Nilinyamaza kwa sababu ya cheo."

"Endelea," Daktari alisema.

Wakaendelea, mmoja anasoma kitambaa, mwingine anasoma daftari, kama walivyofanya kila asubuhi juu ya saruji. Shuka ya kumi na tano Daktari aliinua mkono. "Nimeridhika. Inatosha."

"Bado saba, Daktari," Bi Povu alijibu, na akazisoma zote saba. Katibu alisikiliza akiwa amesimama dirishani.

Tuhuma ilifutwa. Katibu alitaka kumpa barua ndani ya bahasha. Bi Povu alisema bahasha hakuisoma mtu siku ile, ulisomwa ubao wa lango, na huko ndiko barua iende, kwa pini zile zile. Ilikaa wiki nzima ubaoni. Waliopita wakaisoma kisha wakaendelea kusema waliyokuwa wanasema ni juu yao. Kukosa haya si ugonjwa unaotibiwa hospitalini. Bi Povu alirudi kwenye mabeseni, akafua miaka mingine minane mpaka akastaafu. Sista alipewa onyo na jina lake likatolewa kwenye orodha. Kabari na vibanio vikaenda wodi zote.

Mwaka uliofuata walikuja wageni wenye kamera. Katibu aliwazungusha wodini, akainua kabari moja kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya mkiani, akasema huo ni ubunifu wa uongozi. Mgeni mmoja akauliza waliugunduaje.

"Kwa utafiti," Katibu alisema.

"Utafiti uko huku nyuma unaloweka shuka," fundi cherehani alisema kwa sauti kutoka mlangoni, na wasaidizi wa wodi wakaangua kicheko. Wageni walitaka kwenda kuona. Walifika hatua kumi kutoka mlango wa udobi, upepo ukageuka, wakasema muda hautoshi.

Limebaki moja ambalo watu wanaliuliza kila mara, hata waliosoma barua ile, na wanauliza kwa uroho unaochefua. Asubuhi baada ya kikao Sista alishuka udobini, akafunga mlango kwa ndani. Mifuko ya shuka ikarundikana nje. Fundi alibisha akafukuzwa na sauti mbili kwa pamoja. Walikaa humo mpaka saa saba mchana, na walipotoka macho yao yote manne yalikuwa mekundu, na kuanzia kesho yake saa nne kazi ikaendelea kama zamani. Watu wanataka kujua kama Sista alipiga magoti, kama alizabwa kofi, nani aliomba nini na nani alisamehe nini. Bi Povu alimsimulia wifi yake mara moja, wakikunja nguo, neno kwa neno.

Halitasemwa. Si hapa, si saluni, si kwa ndugu, si kwa mtoto wa Sista aliyekuja kuuliza kwa heshima na kurudi na jibu hili hili.